Simu Yako Inaropoka: Mbinu za Kuinyamazisha

Kila mtu ana maoni yake kuhusu kampuni za teknolojia. Kwenye daladala utasikia Facebook inatusikiliza tukiongea. Saluni utaambiwa Google inajua hadi rangi ya pazia lako. Kijiweni watakushauri urudi kwenye kitochi upate amani. Halafu wote hao watachomoa simu janja zao na kuendelea kuperuzi.

Mimi sikuambii urudi kwenye kitochi. Una wateja kwenye WhatsApp, una hela kwenye simu, na mwalimu wa mtoto anatuma kazi za nyumbani kwenye grupu. Nataka ufanye kazi ya saa moja hivi, simu ikiwa na chaji na bando. Ukimaliza, kampuni kubwa zitabaki na machache kukuhusu, na matapeli wa karibu watabaki na machache zaidi. Hao wa karibu ndio nitakaowakazania. Mark Zuckerberg hatakupigia simu kukuambia mwanao ameanguka shuleni, tuma hela ya hospitali.

Anza na laini. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo laini yoyote iliyoandikwa jina lako, ikitumika kwa uhalifu, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Piga *106# ufuate maelekezo, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Rudia kwenye kila mtandao unaoutumia. Walio Kenya kwenye Safaricom nao wanapiga *106# hiyohiyo.

Ukikuta namba usiyoijua, usiipigie kumuuliza mwenyewe ni nani. Nenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho chako, taka ifutwe, na usiondoke kabla hujaona imefutwa.

Namba hiyo ilisajiliwaje? Mara nyingi ni palepale kwa wakala wa mwavuli. Unaweka kidole, anasema, "Haijasoma, weka tena." Unaweka. "Futa jasho kwanza, weka tena." Kidole cha kwanza kilisajili laini yako. Cha pili huenda kimesajili laini ya mtu atakayetapeli watu wiki ijayo kwa jina lako. Basi ukienda kusajili, simama upande ambao unaona kioo cha simu yake. Ukiambiwa urudie, uliza ya kwanza imekataa wapi, akuonyeshe. Ukishaondoka, piga *106# kabla hujavuka barabara. Wakala mwaminifu hatakasirika.

Kisha weka PIN kwenye laini yenyewe, mbali na ile ya kufungulia simu. Mwizi mjanja hahangaiki na simu iliyofungwa. Anatoa laini, anaichomeka kwenye simu yake, na namba zote za uthibitisho zinazotumwa kwa SMS zinamfikia yeye. Ingia Mipangilio, sehemu ya usalama, tafuta palipoandikwa kufunga SIM kadi. Utaulizwa PIN ya mwanzo. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga mpaka uingize PUK. Ulizia kwanza huduma kwa wateja, au tazama ile kadi ya plastiki ambayo laini ilikuja nayo, kama hukuitupa.

Ukiwa bado hapo, piga *#21#. Itakuonyesha kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Matapeli hukubembeleza upige tarakimu fulani ili "upokee zawadi", kumbe umeelekeza simu zako kwao. WhatsApp ikipiga kutaja namba ya uthibitisho, wanaosikia ni wao. Ukikuta kitu usichokijua, piga ##002# kufuta maelekezo yote.

Sasa WhatsApp. Meta, wenye Facebook, waliinunua mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, na zaidi ya asilimia 95 ya mapato ya Meta hutokana na matangazo. Meseji zenyewe zimefungwa kwa usimbaji fiche tangu 2016, hawazisomi. Lakini unaongea na nani na lini, hilo wanaweza kulijua. Huwezi kulizuia ukiwa bado unaitumia, basi tushughulikie unayoyaweza.

Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Weka tarakimu sita za siri, na barua pepe ambayo kweli unaifungua. Mwaka wa kuzaliwa usiutumie. Baada ya hapo, hata mtu akiipata ile namba ya usajili inayokuja kwa SMS, atakwama kwenye sita zako. Na hiyo ya SMS usimtajie mtu yeyote, hata akijiita shangazi, hata picha ikiwa ya shangazi. Shangazi hana kazi nayo.

Tafuta na sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, Linked devices kama simu yako iko kwa Kiingereza. Pale utaona kila kompyuta inayosoma meseji zako. Ukikuta imeandikwa Windows na wewe huna kompyuta, basi ni ya ofisi uliyoacha, au ya steshenari, au ya mtu mnayelala nyumba moja. Iguse, iondoe. Maswali baadaye.

Kwenye Faragha, nenda sehemu ya magrupu na uruhusu watu wenye namba uliyoihifadhi tu wakuingize. Bila hivyo utajikuta kwenye kamati ya harusi ya mtu usiyemjua, na watu mia mbili wameshapata namba yako kabla hujajua bwana harusi ni nani. Mchango unadaiwa vilevile.

Jambo moja wengi hulipita. Meseji zimefungwa, ila nakala yake inayohifadhiwa Google Drive au iCloud haifungwi mpaka wewe uifunge. WhatsApp walileta kufuli hiyo mwaka 2021 na wakaiacha imezimwa. Ingia Mazungumzo, sehemu ya kuhifadhi nakala, uwashe usimbaji fiche. Nywila utakayochagua iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Ukiisahau, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia.

Tutoke kwenye simu kidogo, twende mtaani, maana huko ndiko taarifa zako zinamwagika bila hata kampuni kubwa kuhusika.

Unahitaji kopi ya kitambulisho cha NIDA. Kadi umeiacha nyumbani, picha iko kwenye simu. Kijana wa steshenari anakutajia namba yake ya WhatsApp, unatuma, inafunguka kwenye kompyuta yake, anaprinti, unalipa, unaondoka. Picha imebaki. Iko kwenye WhatsApp yake, na iko kwenye folda ya Downloads katikati ya CV za watu, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba na barua za posa. Atakayekalia kiti kile kesho anazo zote. Wala si kwamba kijana ni mbaya. Hakuna mteja aliyewahi kumwambia azifute.

Mwambie wewe. "Kaka, nifutie hiyo, na kwenye Recycle Bin." Simama uone anafuta, ndipo ulipe. Kisha fungua WhatsApp yako na uifute picha kwa wote. Una takriban siku mbili za kufanya hivyo. Lakini kufuta kwa wote hakugusi nakala iliyokwisha kushushwa kwenye kompyuta, kwa hiyo usiruke hatua ya kwanza.

Usifungue barua pepe yako kwenye kompyuta ya steshenari. Ukilazimika, tumia dirisha la faragha la kivinjari, na ukatae kivinjari kinapotaka kukutunzia nywila. Ulishaifungua wiki iliyopita na huna hakika kama ulitoka? Ingia akaunti yako ya Google kwenye simu, sehemu ya usalama, uone vifaa vilivyomo. Vitoe ukiwa umekaa sebuleni.

Ila njia bora kuliko zote ni ya kizamani. Siku moja chukua kadi yenyewe, nenda kwenye mashine ya fotokopi, toa kopi kadhaa kwa mkupuo, ziweke kwenye bahasha nyumbani.

Na kila kopi unayoitoa kwa mtu, ichore mistari miwili ya mshazari, na katikati uandike kwa peni imetolewa kwa nani, kwa shughuli gani, tarehe ngapi. "Kwa ajili ya kupanga chumba Sinza tu", kisha tarehe. Usizibe picha wala namba, wasije wakaikataa. Kopi yenye maandishi hayo haimsaidii sana mtu anayetaka kuombea mkopo kwa jina lako. Dalali akinuna, mwambie benki nao hugonga mihuri kwenye kopi.

Getini nako kuna daftari la wageni. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kwa nani, saa ngapi. Limelala wazi mezani, na kila anayejaza mstari wake anasoma ya waliotangulia. Binti anayekwenda kumwona daktari ghorofa ya tatu anaacha namba yake ya simu kwa kila mwanaume atakayepita baada yake. Mlinzi usimgombeze, ametumwa. Jaza jina na unakokwenda, kisha uliza kwa upole kama namba ya simu ni lazima. Mara nyingi si lazima. Kitambulisho halisi usikiache getini. Waonyeshe, wanakili, wakurudishie. Wakisisitiza kubaki na kitu, waachie kadi ya kazi.

Kwa wakala wa fedha, shughuli ni fupi: simu isitoke mkononi mwako. "Lete nikusaidie" ni ukarimu, lakini namba ya siri ukishaitaja kwa sauti kibandani, umeitajia na foleni nzima.

Na kama unauza mtandaoni, keki, nguo, viatu vya mtumba, tafuta laini ya pili ya biashara. Namba iliyopigiwa mhuri kwenye kila picha ya keki isiwe ileile yenye akiba yako na barua pepe yako. Laini ni bei ndogo kuliko usumbufu.

Mikopo ya mtandaoni inahitaji maneno zaidi. Wenyewe mtaani mnaijua, kausha damu iliyohamia kwenye simu. Unashusha programu, inaomba kusoma namba ulizohifadhi, unakubali kwa sababu kodi inadaiwa. Ukichelewa siku mbili, meseji zinaanza kwenda kwa bosi, kwa mchungaji, kwa mkwe: "Mwambie fulani alipe, amekuandika mdhamini." Hukumwandika mtu. Walijichukulia.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni na kuzipiga marufuku. Kabla hujakopa, hakikisha anayekukopesha ana leseni ya Benki Kuu. Kenya vivyo hivyo, Benki Kuu yao hutoa orodha ya wakopeshaji wa kidijitali walioidhinishwa.

Google nao, mwaka 2023, walizikataza programu za mikopo zilizoko Play Store kusoma namba na picha za mtumiaji. Wajanja wakahamia nje ya Play Store. Kwa hiyo mkopo ukikujia kwa linki ya kushusha faili, au tangazo likikutaka uruhusu usakinishaji kutoka chanzo kisichojulikana, achana nao palepale, hata kama riba inaonekana tamu.

Kama umeshaingia, ondoa ruhusa zake zote kwenye Mipangilio kisha uifute. Orodha yako walishaichukua, kufuta hakuirudishi. Basi watangulie. Waandikie watu wako wewe mwenyewe: kuna watu watawatumia meseji kwa jina langu, msijibu, msilipe. Meseji ya matusi ikifika baada ya hiyo, inakosa nguvu yote. Deni halali lipa, ila lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Sasa kampuni kubwa zenyewe. Nitakwenda haraka, kwa sababu hapa kazi ni kugusa vitufe tu.

Google kwanza. Ingia Mipangilio, Google, akaunti yako, sehemu ya data na faragha. Kuna vitu viwili vya kuzima: rekodi ya mahali ulipokwenda, na shughuli za wavuti na programu. Zima vyote viwili. Huko Marekani watu wengi walizima cha kwanza wakadhani wamemaliza, kumbe cha pili kiliendelea kuandika walipo. Majimbo 40 yakaishikia bango Google, na Novemba 2022 ikakubali kulipa dola milioni 391.5. Wanasheria wakuu wa majimbo walihitaji miaka kulimaliza. Wewe unahitaji dakika moja. Kama unapenda Google ikukumbushe ulichotafuta, usizime, bali weka ijifute kila baada ya miezi mitatu.

Palepale kwenye Mipangilio ya Google, ingia sehemu ya matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo. Ni namba ambayo programu mbalimbali hutumia kukutambua kuwa ni mtu yuleyule. Wenye iPhone, ingieni Faragha, Ufuatiliaji, mzime ruhusa ya programu kuomba kuwafuatilia. Apple waliileta mwaka 2021.

Facebook na Instagram: kwenye kituo cha akaunti, tafuta orodha ya shughuli zako nje ya Meta. Isome kabla hujaifuta. Utakuta majina ya programu na tovuti zilizowaambia Meta kwamba ulipita huko, na wewe hukuwahi kuambiwa. Ifute, kisha uizuie isiendelee.

Halafu ruhusa. Fungua orodha ya ruhusa kwenye simu, anza na mahali ulipo. Ya kuitia usafiri na ya ramani, ziache, ila ziwe "wakati wa kutumia tu". Ya hali ya hewa ipe makadirio, haina haja ya kujua mlango wako. Programu ya tochi inayotaka namba za watu wako, ifute. Simu yako ina tochi tayari. Kibodi za mapambo na programu za kurembesha picha zichunguze kwa jicho kali, nyingi zinaomba mengi kuliko kazi zinayofanya.

Na lile la kwenye daladala, simu kusikiliza maongezi? Sitaki ugomvi na abiria, lakini sioni kama kampuni hizi zina haja nalo. Ulitafuta sofa juzi, mwenzio mnayeishi naye akatafuta jana, mnatumia Wi-Fi moja, na simu zenu zinalala chumba kimoja. Tangazo la sofa linakuja bila mtu kusikiliza chochote. Bado una shaka? Ondoa ruhusa ya kipaza sauti kwa kila programu isiyokuhitaji uongee. Kwenye Android 12 na kuendelea, nukta ya kijani juu ya kioo inamaanisha kipaza sauti au kamera inatumika. Kwenye iPhone kipaza sauti ni nukta ya chungwa, kamera ni ya kijani. Ukiiona na hujapiga simu, fungua uone ni nani.

VPN ya bure usiikimbilie. Trafiki yako yote inapita kwa mwenye hiyo VPN, na anayeiendesha bure lazima analipwa na mtu. Facebook waliinunua moja iliyoitwa Onavo mwaka 2013, wakaitumia kujua watu wanapenda programu zipi za washindani wao, na wakaifunga 2019 baada ya kelele nyingi. Kama ni lazima, tumia ya kulipia yenye jina. Ukiwa Tanzania, jua pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa.

Akili mnemba, ChatGPT na wenzake: andika swali, toa majina. Barua ya kumfukuza kazi mfanyakazi, majibu ya vipimo vya mama, mkataba wa mteja, vyote vinaweza kuulizwa bila jina, bila namba ya simu, bila namba ya NIDA. Kisha ingia mipangilio ya data uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kufundishia.

Simu ikiharibika kioo, utaipeleka kwa fundi, na fundi atakuomba nywila "ili nijaribishe touch". Samsung nyingi za siku hizi zina hali ya matengenezo, na Google Pixel wanayo pia: unaiwasha, fundi anaona simu tupu, picha na meseji zako zinajificha mpaka uirudishe mwenyewe. Simu yako haina? Toa laini na memori kadi, keti pale dukani mpaka kioo kiwekwe, na ujaribishe touch kwa kidole chako. Anayekuambia uiache urudi jioni kwa kazi ya nusu saa, mtafutie mwenzake jirani. Kariakoo mafundi hawaishi.

Ukiuza simu, ondoa kwanza akaunti ya Google au Apple, ndipo uifute yote. Ukifuta bila kuondoa akaunti, mnunuzi anaweza kukwama na kurudi kwako na maneno.

Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani" unaipata kila wiki. Usijibu, hata kwa utani. Ukijibu, wanajua namba ina mtu. Ukiwa Tanzania ipeleke 15040 na ufuate maelekezo ya kutaja namba ya aliyetuma. Ukiwa Kenya kwenye Safaricom, ipeleke 333.

Nimeacha watoto mwisho kwa makusudi. Picha ya siku ya kwanza shuleni, sare ina jina la shule, mtoto ana jina kifuani, na umeandika "darasa la kwanza B, Mungu ni mwema". Umempa mtu asiyekujua kila anachohitaji kumwita mwanao kwa jina getini. Piga picha, ipige hata kumi, ila ifiche nembo na jina kabla ya kuiweka status, au watumie bibi na babu peke yao. Ukituma kama picha ya kawaida ya WhatsApp, taarifa za mahali ilipopigwa huondolewa. Ukiituma kama hati, husafiri nazo.

Shule nayo haina ruhusa ya bure. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza Roma School shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Siku zilezile baa ya Casa Vera Lounge ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila kumwomba, na Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, wakatozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu walizozipata kwa wengine kuwatishia. Kwa hiyo mwanzo wa muhula, usisaini fomu ya shule bila kusoma mstari wa picha. Kama mstari huo haupo, andika wako.

Kenya wanafanya hivyo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Zitumie. Utaratibu wake hauhitaji wakili.

Kwanza piga picha ya skrini, yenye tarehe na jina la akaunti, kabla hawajafuta. Pili, iandikie kampuni, shule au baa yenyewe: mna taarifa zangu hizi, sikuwapa ruhusa, zifuteni na mnijibu kwa maandishi. Maneno machache, bila matusi, kwa barua pepe ili ibaki na tarehe. Wakikaa kimya au wakikujibu ovyo, chukua hiyo barua na picha zako, peleka Tume kama malalamiko, na uombe namba ya kumbukumbu.

Walio Kenya mna cha ziada: sheria inaitaka Ofisi ya Kamishna imalize uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90. Andika kwenye kalenda siku uliyopeleka. Siku ya 91 wapigie.